Soketi Chini ya Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Baba Pacha,

Haya, umesema nisipige simu, niandike, basi naandika. Uvumilie mwandiko. Unajua shule mimi niliishia pale zilipoanza hesabu za kugawanya, na tangu hapo mkono wangu umezoea chaki ya kitambaa, kalamu inanitoka vidoleni.

Lakini na wewe ungeniambia mapema kwamba hilo gari jipya simu ikipigwa inasikika gari zima. Ningejuaje? Mimi napiga Jumatatu asubuhi nikijua naongea na sikio la mume wangu, nakusimulia uvimbe wa mguu, nakusimulia dada wa duka la dawa na yule mchumba wake wa kukopa, nakuuliza kama zile fulana nilizokushonea bado zinakubana tumboni, kumbe Tajiri wako, mwenye gari, kakaa hapo pembeni anasikiliza kama taarifa ya habari. Mara nasikia mtu anakohoa, na kikohozi si chako. Kikohozi chako nakijua. Nilikata simu nikakaa na aibu yangu kidogo, kisha nikaona aibu ya peke yako haina raha, nikaenda kumsimulia jirani wa geti jekundu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikuulize jambo, na hili sijamsimulia mtu. Ulipokuwa na lile gari bovu la mafuta, lililokuwa linatoa moshi kama jiko la kuni, ulikuwa unakuja. Jumamosi moja huji, inayofuata nasikia honi, umeleta vifurushi vya watu wa huku, unalala, Jumapili unaondoka. Umepewa gari zuri halina hata sauti, ndio huji tena. Pacha wetu nao wameolewa, wana nyumba zao, hawanipigii mpaka watake pindo likunjwe. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Upande wako wa kitanda nimepanga vitambaa vya wateja, maana nikigeuka nikakuta patupu nashtuka. Nikikuta kitambaa cha suruali angalau ni kitu cha mwanaume.

Jirani anasema hilo gari limekupatia mke mwingine huko. Nimemwambia mke mwingine atamtoa wapi, mtu anayekoroma vile. Lakini niandikie ukweli. Gari linakula nini mpaka lisifike kwangu?

Ni mimi,
Mama Pacha

Jumatano, 12 Machi

Mama Pacha,

Barua yako kondakta wa basi kaniletea. Nimecheka, na Tajiri kaniuliza mguu wa shemeji unaendeleaje. Nimemwambia umepungua. Umepungua kweli?

Hakuna mke. Kuna umeme. Nikueleze, maana ukweli ndio huo. Hili gari linachajiwa uani kwa Tajiri usiku kucha, kwenye sanduku la ukutani lenye waya mnene kama kifundo cha mkono. Likijaa linanifikisha hadi hapo nyumbani na kubakiza kidogo, kama mtu aliyefika amechoka lakini bado anasimama. Kurudi ndio haliwezi. Njiani kote hakuna pa kuchaji. Lile la zamani nilikuwa natia mafuta popote nakwenda zangu. Tajiri anasema gari lililolala na njaa kesho haliwezi kazi, kwa hiyo vifurushi vya upande wenu kampa dereva mwingine mwenye gari la kukodi, na linamla fedha kwa mafuta, analalamika kila siku.

Kungekuwa na namna ya kulichaji hapo nyumbani, angenirudishia njia hiyo hata kesho. Ndani ya buti la gari kuna waya wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida. Unachaji, ila taratibu sana, ukichomeka jioni mpaka kesho yake mchana. Lakini wewe unaijua nyumba yetu. Ukiwasha birika na pasi pamoja, taa zinazima mpaka kwa jirani wanatuuliza tumefanya nini. Soketi ile ya sebuleni ukiichomekea gari itaungua. Kubadilisha waya ni gharama, na wewe una kodi ya cherehani ile kubwa.

Basi liache tu. Nitakuja kwa basi nikipata ruhusa, ingawa ruhusa yenyewe unaijua.

Hizo fulana hazinibani. Nimekonda.

Baba Pacha

Jumatatu, 24 Machi

Baba Pacha,

Nimesoma pale uliposema "liache tu" nikaruka mstari. Kisha nikasoma "nimekonda" nikavaa viatu.

Nilikwenda kwa fundi umeme, yule tunayemwita Shoti. Kaja na ngazi yake, kapanda darini, kakaa huko muda mrefu nikadhani kalala. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kichwani kama bibi harusi. Kaniambia nyaya za nyumba hii ni za enzi ya taa moja na redio. Nikichomeka gari kwenye soketi ya sebuleni, asubuhi nitaikuta imekuwa uji, na hiyo ni kama nyumba bado ipo. Nikamwuliza kwani umeme si umeme tu? Akasema waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito kwa saa nyingi unapata moto. Nikamwambia basi sema hivyo tangu mwanzo, ni kama uzi. Turubai huwezi kulishona kwa uzi wa blauzi. Akasema Mama Pacha ungekuwa fundi. Nikamwambia mimi ni fundi, tazama ukutani nguo zilizoning'inia.

Kasema kuna njia mbili. Moja ni sanduku la ukutani kama la Tajiri wako, lakini hilo lataka waya mpya kutoka kwenye nguzo na mita nyingine, na gharama yake aliitaja kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba. Ya pili ni soketi moja nzito ya gari peke yake, na waya wake mnene kutoka kwenye mita, na swichi yake inayojikata umeme ukizidi, na waya mwingine wa kushuka ardhini. Taratibu, lakini salama. Nikasema hiyo ya pili.

Usinikasirikie. Sijauza kitu wala sijakopa. Shoti ana mafundi wenzake na wote wanavaa ovaroli zilizochanika magotini. Nimewashonea mpya, mifuko kila mahali, mpaka wa bisibisi. Waya nimeupima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea, kutoka kwenye mita, kona ya nyumba, mpaka chini ya dirisha la chumba chetu. Pale pale ulipokuwa unaegesha. Shoti alisema ingekuwa karibu zaidi kwenye baraza. Nikamwambia wewe funga ninapokuonyesha.

Soketi ina kifuniko chake cha plastiki, lakini nimeishonea na kijikofia juu, cha turubai, mvua isiingie. Shoti kasema nikichaji nikivue, kitazuia joto kutoka. Jirani kila akipita anauliza mtoto huyo wa ukutani hajambo. Sijali. Mwambie Tajiri kwamba nyumbani kwako kuna umeme wa gari.

Mguu umepungua kweli.

Mama Pacha

Jumatano, 2 Aprili

Mama Pacha,

Barua yako niliisoma nimesimama. Baada ya kuimaliza nikatafuta pa kukaa.

Tajiri nimemwambia. Kanitazama, kasema shemeji amefunga umeme kwa ovaroli? Kisha kacheka, kasema tujaribu mara moja. Nije Jumamosi ya tarehe kumi na mbili na vifurushi, nisome mita kabla na baada, uniti zilizonywewa atalipa yeye. Sharti lake ni moja tu. Gari likijaa, niondoke. Lisikae limejaa bila kazi.

Sasa kuna jambo ambalo sikukuambia, na wewe hukuuliza. Ile soketi umeiweka mahali nilipokuwa naegesha gari la zamani. Lile nilikuwa naingiza kinyumenyume. Hili mdomo wake wa kuchajia uko mbele, puani kabisa, na waya wa kwenye buti ni mfupi. Nikiingia kinyumenyume haufiki. Na ekstensheni Tajiri kakataza, anasema ndizo zinazounguza nyumba za watu.

Itabidi niingie kwa uso. Nafasi ni nyembamba lakini nitaweza. Kutoka ndio kazi, nitatoka kwa kurudi nyuma hadi barabarani. Uwaambie wenye kuku.

Baba Pacha

Jumanne, 15 Aprili

Baba Pacha,

Umeondoka juzi na mimi mdomo haujapumzika. Jirani nimemsimulia, mama wa duka nimemsimulia, wateja wawili nimewasimulia huku wamevaa nusu nguo. Sasa zamu yako, ingawa ulikuwepo.

Hukusikika unaingia. Nilizoea honi, nilizoea moshi, nilikuwa nimekaa chumbani nachomoa pini kwenye gauni la mtu, ghafla dirishani natazamwa na taa mbili. Gari limeniletea uso kama mgeni anayechungulia. Mara ya kwanza, Baba Pacha. Miaka yote ulikuwa unaingia kwa mgongo, pua ya gari inatazama barabara, na mimi kila nikikupikia chai nilikuwa naitazama ile pua nasema mtu huyu amekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka. Sikuwahi kukuambia. Nilidhani ndivyo madereva walivyo.

Basi umechomeka, kale kataa kekundu ka kwenye gari kakawa ka kijani kakawa kanapepesa, ukasema sasa tusiwashe pasi, tusiwashe cherehani ya mota, tusizidishie nyumba mzigo mpaka lijae. Nikasema na nguo za watu? Ukasema zitangoja. Unajua mimi sijakaa bure Jumapili asubuhi tangu pacha wazaliwe? Nilikuwa sijui mikono niiweke wapi. Wewe ukalala mpaka jua likaingia chumbani, ukaamka, ukatengeneza bawaba ya dirisha iliyolegea, ukanyoa ndevu, tukakaa kizingitini tunatazama gari linakunywa. Kila nikikuuliza limejaa? unasema bado. Nimelipenda sana neno hilo.

Mita niliposoma nilishika kifua. Uniti zilizokwenda kwa usiku mmoja ni zile ninazotumia mwezi mzima na pasi yangu. Uliponieleza kwamba safari hiyo hiyo kwa mafuta ingekuwa mara nne, nikaachia kifua. Kwa hiyo Tajiri kafaidi. Na mimi nimefaidi, tena bila kulipiwa.

Ulipoondoka saa nane ile, ulirudi nyuma polepole hadi barabarani, uso wa gari unanitazama mpaka mwisho. Hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kuondoka.

Vitambaa vya wateja nimevihamishia kwenye kabati.

Mama Pacha

Jumatano, 23 Aprili

Mama Pacha,

Habari njema. Tajiri ameona hesabu za mita, amefurahi sana. Anasema njia ya huko ni yangu moja kwa moja, kila Jumamosi kuanzia mwezi ujao.

Na zaidi ya hapo, anataka kutuwekea sanduku la ukutani hapo nyumbani, lile lenyewe. Waya mpya kutoka kwenye nguzo, mita yake, kila kitu juu yake, wewe hutoi hata kifungo. Nyumba itakuwa na umeme wa kutosha, utawasha pasi na birika na cherehani zote pamoja, na hakuna atakayezimikiwa. Hakuna nyumba nyingine mtaani kwetu yenye kitu hicho. Ni bahati kubwa.

Kwa sanduku hilo nikifika Jumamosi mchana, jioni gari limejaa. Nitaweza kurudi siku hiyo hiyo, na Jumapili Tajiri atapata safari nyingine.

Anasubiri jibu lako tu, maana nyumba ni yako kama ilivyo yangu. Nimwambie nini?

Baba Pacha

Jumatano, 30 Aprili

Baba Pacha,

Barua imefika. Ni bahati kweli, na Tajiri ni mtu mzuri, Mungu amzidishie. Mwambie ndiyo.

Hapa hakuna jipya sana. Mama wa duka kapaka mlango rangi ya bluu, imefanana na dawa ya meno. Dada wa duka la dawa kaachana na yule mchumba, na fedha hazikurudi. Shoti kapita kutazama soketi yake, nimemwambia sanduku linakuja, akasema basi hii atakuja kuing'oa, nikamwambia asiharakishe. Jirani nilitaka nimwambie habari ya sanduku nikafika mpaka kwenye geti jekundu, kisha nikarudi. Sijui kwa nini. Labda nilichoka.

Kama wewe umefurahi na mimi nimefurahi. Safari za mchana ni salama zaidi. Na mtu akila chakula cha mchana nyumbani kwake si haba.

Kijikofia cha soketi nimekifua, nimekiweka. Labda sanduku nalo litahitaji.

Kazi ni nyingi. Kabati limejaa, vitambaa nimevirudisha kitandani.

Mama Pacha

Jumanne, 6 Mei

Mama Pacha,

Sijui kama unajua ulichokifanya jana, kwa hiyo nakuandikia ukijue.

Barua yako ya "mwambie ndiyo" ilinifikia Ijumaa. Wikiendi gari lilikuwa karakana, sikuja, sikumwambia Tajiri chochote. Nilikuwa nangoja nipate namna. Jana Jumatatu asubuhi, saa ile ile ambayo unajua nampeleka kuzunguka maduka yake, simu ikaita, gari zima. Nikaona ni wewe, nikanyoosha mkono nikate. Tajiri akasema pokea, labda ni mguu.

Hukusalimia. Wewe, usiyeweza kuanza jambo bila kupitia kwa majirani watatu. Ulisema, "Baba Pacha, najua Tajiri yupo hapo, ndiyo maana nimepiga."

Tajiri akakaa sawa. Akasema, "Nipo, shemeji."

Ukamwambia, "Baba, asante kwa sanduku, lakini silitaki. Nilimwambia mume wangu ndiyo kwa sababu nilidhani yeye analitaka. Mimi nina soketi yangu."

Akakueleza kwa upole kwamba soketi yako ni ya polepole mno, inachukua usiku na nusu ya mchana. Nawe ukasema, "Najua inavyochukua. Likijaa haraka, ataondoka haraka." Ukakata.

Mimi nilikuwa natazama barabara tu. Nilidhani kazi imekwisha hapo. Tukapita maduka mawili tulipopaswa kusimama, na sikuthubutu kumwuliza Tajiri. Kisha akasema, kama anaongea na kioo, "Mimi nyumbani kwangu nina masanduku mawili ya namna hiyo, na hakuna anayeuliza kama gari limejaa."

Tulipofika duka la mwisho, kabla hajashuka, akaniuliza kama wewe unashona suti za wanaume. Nikasema unashona. Akasema njia iko pale pale, kila Jumamosi, na nirudi Jumapili gari likijaa, lijae litakapojaa.

Sasa na mimi niseme langu. Niliandika "bahati kubwa" kwa sababu nilikuona kichwani mwangu unawaonyesha majirani sanduku lako, umewasha pasi na birika kwa pamoja, na mimi ni nani nikunyime hilo kwa ajili ya usingizi wa usiku mmoja. Nilitamani ukatae. Barua yako ilipofika nikaisoma mara nyingi nikitafuta pale ulipokataa, sikupaona, isipokuwa vile vitambaa kurudi kitandani. Hapo nilisimama kidogo, nikasema labda. Lakini labda huwezi kumpelekea Tajiri.

Kumbe hata kwenye barua nilikuwa nakaa kwenye ule ukingo wa kiti ulioutaja, kwa namna nyingine.

Jumamosi nakuja jioni. Kivue kijikofia cha soketi kabla sijafika, na Shoti asiing'oe. Gari nitaliingiza kwa uso. Nguo za wateja zipigie pasi zote Ijumaa, hata zile zinazoweza kungoja, maana nikishachomeka hakuna pasi, hakuna cherehani, na vitambaa vitafute pengine pa kulala.

Baba Pacha